Kiti Ndani ya Nailoni

Caren hakuwa mtu wa kuwahi sokoni. Wanaowahi, alisema, ni wenye pesa au wasio na akili. Yeye alifika saa nane mchana, jua limeshawapiga wauzaji vya kutosha, watoto wao wanalilia nyumbani, na hakuna anayetamani kurudisha ndani ya gari alichokitoa asubuhi. Hapo ndipo bei huanguka bila kusukumwa.

Soko lenyewe lilikuwa kiwanja cha kuegesha magari, upande wa nyuma wa Al Barsha, Dubai. Kila Ijumaa, kabla joto kali halijashika, watu wanaohama mji, wengi wao Wazungu waliomaliza mikataba, waliegesha kwa safu, wakafungua buti, wakatandaza chini maisha yao yote: vikaango, mapazia, baiskeli za watoto, taa za kusomea. Caren alikuja na mfuko wenye betri mbili za kujaribia saa na redio, kitambaa cheupe cha kupangusia ndani ya sufuria, na ulimi. Kwa vitu hivyo vitatu alikuwa amekijaza chumba chake na mumewe kule Al Ras. Pasi aliipata kwa dirhamu kumi, blenda kwa kumi na tano, na sahani sita za udongo mweupe ambazo ungeweza kumkaribishia balozi.

"Leo ni beseni tu," mumewe alimkumbusha. Isaiah alikuwa mlinzi wa ghala moja Jebel Ali, mtu mrefu mwenye kifua kipana, na mwoga wa mambo madogo. "Beseni la kuogeshea mtoto, tunaenda. Beseni, Caren."

"Kwani mimi nimesema nini? Beseni."

Mimba ilikuwa ya miezi mitano, mwezi wa tatu wa mwaka 2014. Wakapita safu ya kwanza, wakapita ya pili, na mwanzoni mwa ya tatu Caren akasimama. Kilikuwa kiti cha mama wa kunyonyesha, cha kubembea, mbao nyepesi, mito ya rangi ya maziwa, na kigoda chake cha kuwekea miguu nacho kinabembea. Alikijua. Alifanya usafi katika maduka makubwa ya jirani, na kila siku akipita na ndoo yake alikiona kama hicho kwenye kioo cha duka la watoto kikiwa na bei ya dirhamu elfu moja na mia moja.

"Mia mbili," alisema mama wa Kizungu mwenye gari. "Kilikaa chumba cha wageni. Hakijakaliwa sana."

"Sitini."

"Sitini? Mpenzi wangu, hiyo ni bei ya mto mmoja."

Caren akatazama buti la gari, ambalo bado lilikuwa limejaa. "Ndege yako ni lini?"

"Jumapili."

Caren akanyamaza. Kunyamaza nako ni sehemu ya bei, na yeye alijua kunyamaza. Yule mama akafuta jasho shingoni, akamtazama mtoto wake aliyekuwa akikanyagakanyaga mapazia.

"Sabini. Mkichukue sasa hivi."

Caren alikikagua kama alivyokagua kila kitu. Akakitikisa miguu, akakikalia, akabembea, akapitisha kitambaa chini ya mikono ya kiti, akanusa mito. Jambo moja tu hakulifanya. Hakufungua zipu ya mto wa mgongoni, maana zipu ilikuwa nyuma na tumbo lilikuwa mbele, na kuinama kulishaanza kuwa kazi.

"Na Bi Tufaha?" Isaiah aliuliza kwa sauti ya chini, dirhamu zikiwa zimeshabadilisha mikono.

Swali lilikuwa la haki. Bi Tufaha alikuwa Mzanzibari, mjane, miaka thelathini na kitu Dubai, na ndiye aliyeshika mkataba wa ile nyumba ya Al Ras. Chumba kimoja alilala mwenyewe, kimoja alimpangisha Justine, Mganda wa saluni, kimoja Caren na Isaiah, na kona ya ukumbini iliyotengwa kwa mbao alimpangisha Redempta, binti wa Bukoba aliyefika miezi miwili nyuma. Masharti yake yalikuwa matatu. Viatu mlangoni. Nguruwe asiingie jikoni. Na kitu cha kitambaa kilichokaliwa au kulaliwa na mtu mwingine kisivuke kizingiti chake. Vyombo vya mitumba hakuvikataa, lakini magodoro, makochi na mito, hapana. Alishawahi kuletewa kunguni na mpangaji, zamani, na alilisimulia jambo hilo kama watu wanavyosimulia msiba.

Ila huyo huyo Bi Tufaha ndiye aliyesema mtoto ni baraka, azaliwe humo humo. Wenye nyumba wengine wa mitaa ile ya Deira wakisikia mtoto hufunga mlango. Caren alishajaribu milango mitano.

"Bi Tufaha haoni zipu," Caren alisema. "Anaona nailoni. Nenda pale nyuma ya maduka, pale wanapotupa maboksi. Nailoni za makochi ziko tele."

Kwao watu wanaelewa jambo hili. Mtu akinunua kiti kipya au godoro jipya, nailoni haitolewi. Inakaliwa na kulaliwa juu, inalia kila ukigeuka, inashika jasho, na bado haitolewi mpaka ichanike yenyewe, kwa sababu nailoni ndiyo ushahidi wa dukani. Maskini akipata, matako hulia mbwata, na safari hii mbwata yenyewe ingekuwa ya nailoni. Hakuna Mwafrika Mashariki katika nyumba ile ambaye angeuliza kwa nini kiti kimebaki kimefungwa.

Isaiah akaenda jaani. Mlinzi wa mlango wa nyuma alikuwa Mkenya mwenzake aliyewahi kulala naye chumba kimoja kambini, kwenye mabweni ya wafanyakazi.

"Aiii, Isaiah! Siku hizi ni kuokota?"

"Ni ya kazi," Isaiah alisema, na akakunja nailoni huku masikio yakimchoma.

Walikifunga kiti juu ya pikapu ya Mpathani, dereva wa Kipakistani, nyuma ya kituo cha mafuta, wakazungusha utepe wa gundi kwenye kila kona. Kulikuwa hata na kadi ya dukani iliyosalia kwenye nailoni. Caren akaigeuza ikae mbele.

*

"Mashallah," alisema Bi Tufaha. "Hebu n'kione."

Alikizunguka kiti mara mbili, mikono nyuma, miwani puani. Justine alitoka chumbani na rola kichwani kuja kutazama. Redempta alikuwa ameshika mlango ili Isaiah apite, na alipokiona akaweka mkono mdomoni.

"Jamani, dada Caren. Kama cha malkia."

"Kipya hiki?" Bi Tufaha aliuliza. Hakuuliza kwa shaka. Aliuliza kama mtu anavyouliza ili apate kusifu.

"Kipya, Bi Tufaha. Kilikuwa sale."

Uongo wa maneno matano tu. Bi Tufaha akakaa juu ya nailoni, ikalia chini yake, akabembea mara tatu na kufumba macho. "Wallahi, wakati wa kuzaa Himid wangu nilikaa kwenye mkeka na mgongo ukutani," alisema. "Nyinyi mna bahati. Mume anayemnunulia mkewe kiti kama hiki, huyo mume." Isaiah akatazama vidole vyake vya miguu.

Aprili ilikuwa njema. Miguu ya Caren ilianza kuvimba, na kila jioni akirudi kazini alikaa kwenye kiti, naye Redempta akaketi sakafuni kando yake, mgongo umeegemea nailoni, akimkanda nyayo kwa mafuta ya nazi. Hakuombwa. Alikuwa mpakiaji wa mizigo katika ghala moja, anasimama kwa saa kumi na mbili kila siku, lakini alisema kwao mama mjamzito hakandwi na mume, mume hana mikono. Alikuwa na pakiti ya kahawa ya kutafuna aliyofungiwa na mama yake, na humgawia Caren buni mbilimbili kama mtu anayegawa dawa.

"Hiyo unatafuna polepole, dada. Usimeze."

"Wewe mama yako akijua unanipa zote?"

"Atafurahi. Atasema nimepata ndugu."

*

Wa kwanza kuumwa alikuwa Justine. Alisema ni mbu. Kisha Isaiah akaenda kazini na vipele vitatu shingoni, vimejipanga mstari. Halafu, Ijumaa moja ya mwezi wa tano, Bi Tufaha alikunjua mswala wake kwa sala ya adhuhuri, na kunguni mmoja mnene akatembea juu ya mswala bila haraka, kama mwenye nyumba.

Bi Tufaha hakupiga kelele. Alikaa kitandani akalia.

Caren alikuwa mapumzikoni siku hiyo. Alimsikia Justine akimbembeleza bibi upande wa pili wa ukuta, akageuza uso akakitazama kiti. Alijua kabla hajainuka. Alikata gundi kwa kisu cha matunda, akakunjua nailoni nyuma, na safari hii akafungua zipu. Ndani ya mshono kulikuwa na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyotwangwa, na katikati ya vidoa walikuwa wao, wakubwa kwa wadogo, wamelala kwenye joto ambalo nailoni ilikuwa imewatunzia kwa miezi miwili.

Akafunga zipu. Akarudisha nailoni. Akabandika gundi mpya juu ya ile ya zamani.

"Ni kiti," alimwambia Isaiah aliporudi.

"Kiti gani?"

"Tuko na kiti kingine?"

Isaiah akavua kofia ya kazi, akaishika kifuani kama mtu aliyeingia kanisani.

"Tukisema, tunatoka," alisema hatimaye. "Unajua tunatoka. Na wewe uko hivyo. Nani atatupea room na mtoto?"

"Na tusiposema?"

"Tusiposema... kunguni hawana jina, Caren."

Hilo ndilo kosa lao. Walidhani jambo lisilo na jina litabaki bila jina. Lakini nyumba yenye kunguni haitulii mpaka imepata mwenye kunguni.

*

Kikao kilikuwa sebuleni baada ya alasiri, kesho yake. Bi Tufaha alikuwa amevaa baibui lake la kutokea, kama mwenye wageni. Justine alisimama, maana alikataa kukaa kwenye kochi. Isaiah alisimama mlangoni. Caren alipewa kiti cha plastiki kwa sababu ya tumbo. Redempta alikaa sakafuni, mahali pake pa kila siku.

"Nyumba hii ilikuwa safi," Bi Tufaha alianza. "Miaka minane sijamwona mdudu huyu. Mie sitaki kumwonea mtu. Nataka kujua tu."

"Mimi nasema ukweli," Justine alisema. "Hii mambo ilianza wakati huyu alikuja." Hakunyoosha kidole, alinyoosha kidevu. "Alitoka camp. Camp ya Jebel Ali wote wanajua. Watu kumi na mbili room moja, blanketi za zamani. Wadudu wa camp ndio hawa."

"Nilikaa kambini wiki tatu tu, mama," Redempta alisema, akimtazama Bi Tufaha. "Nilifua kila kitu kabla ya kuja. Naapa."

"Blanketi lako jipya?"

"La nyumbani. Alinipa mama."

"Si jipya, basi."

"Si jipya, mama."

Bi Tufaha akavuta pumzi. Hakuwa mwanamke katili, na ndiyo maana alilichukia lile alilokuwa karibu kulisema. "Hebu tulete sanduku lako tulitazame, mwanangu. Ukiwa huna, huna."

Wakalifungua pale pale, juu ya magazeti. Justine alivaa mfuko wa plastiki mkononi akawa anainua kitu kimoja kimoja na kukikung'uta: kitenge cha kwaya, sweta, blanketi la mistari, picha ya watu sita mbele ya migomba, sidiria iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine, chupi. Isaiah alitazama dari. Redempta hakutazama popote. Kila nguo iliyokung'utwa aliipokea akaikunja upya, mpaka Justine akamwambia aache.

Sandukuni hawakuona kitu. Wakaenda kwenye kona yake wakageuza godoro, na hapo, kwenye pindo la upande wa kichwani, wakaona wawili.

"Huyo," Justine alisema.

"Godoro nililikuta hapa," Redempta alisema.

Caren alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya tumbo, na mtoto alikuwa anacheza ndani kwa nguvu. Alijua kunguni wale walifikaje pale. Walishuka kwenye nailoni, wakapanda mgongo ulioegemea hapo kila jioni, wakaenda kulala na msichana aliyekuwa akimkanda miguu. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Akamtazama Isaiah, naye Isaiah bado anasoma dari. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata lilikuwa limefunga mdomo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Tufaha alisema, kwa masikitiko kuliko hasira. Alimwambia Redempta, lakini shingo iliyopata moto ilikuwa ya Caren.

Redempta akageuka, akamtafuta Caren kwa macho. Hakuwa anamshtaki. Alikuwa anamwomba aseme jambo lolote, kwamba anamfahamu, kwamba ni msafi, kwamba huosha mikono kabla ya kumshika miguu.

"Labda hukujua," Caren alisema. "Si lazima iwe ulijua."

Angenyamaza ingekuwa afadhali. Mtu alikuwa anazama, naye alimtupia jiwe akasema shika.

Redempta aliondoka kesho yake, ijapokuwa Bi Tufaha alimpa siku tatu za kuhama. Vitu vyake vilitiwa katika mifuko myeusi ya taka na kufungwa mafundo, blanketi la mama yake likaachwa chini kwenye pipa la jengo pamoja na ile pakiti ya kahawa, maana Justine alisema hata kwenye kahawa wanaingia. Viatu vyake, vilivyokuwa vikikaa mlangoni pamoja na vya wenzake, alivikuta ngazini peke yake. Alisema, "Kwaherini, mnisamehe," akashuka. Lifti ilikuwepo lakini alipita ngazi, asije akawaachia wadudu.

*

Mpiga dawa alikuja Jumanne, Mhindi mwembamba mwenye mtungi mgongoni na barakoa kidevuni. Alianza kwa Bi Tufaha, akaenda kwa Justine, akanyunyiza kona ya mbao mpaka ikalowa. Chumbani kwa Caren alipiga kitanda, kabati na pembe za zulia. Alipokifikia kiti akagonga nailoni kwa kucha.

"Madam, hii new?"

Bi Tufaha alikuwa nyuma ya Caren, pua ameibana kwa ushungi.

"New," Caren alisema.

"New, no problem," alisema yule mtu, akapita.

Ndipo Caren alipokwenda chooni, akafungua bomba lote, akalia huku akijiuma kiganja. Alilia kwa haya tupu. Huzuni ina mahali pa kuegemea. Haya haina. Uongo wake ulikuwa umeshamfukuza mtu, na sasa ulikuwa unawakinga kunguni.

Usiku huo huo Isaiah alikishusha kiti, na kila kitu cha Caren cha kitambaa kikachemshwa. Kwenye pipa, Caren aliitoa ile nailoni, akachanachana mito kwa kisu ili mama mwingine asije akapita akasema amebahatika. Kwa Bi Tufaha alisema wamempa mwenzake wa kazini aliyejifungua kabla ya wakati.

"Una moyo," Bi Tufaha alimwambia. "Kitu kipya hivi."

Mpiga dawa akarudi baada ya wiki mbili kwa mzunguko wa pili, na baada ya hapo nyumba ikawa safi. Ulikuwa ushahidi wa kutosha. Redempta katoka, kunguni wametoka. Justine alilisema mara nyingi, akipika, akifua, na kila aliposema Caren aliitikia "Ehe."

*

Mwezi wa sita joto liliposhika, soko la kiwanjani lilikuwa limeshafungwa mpaka majira ya baridi. Beseni la mtoto lilikuwa bado halijanunuliwa. Ijumaa moja, saa kumi jioni, kengele ya mlango ikalia. Justine alikuwa saluni na Isaiah kazini. Caren akaenda kwa mwendo wake mpya wa bata, akafungua.

Redempta alikuwa amesimama mbali na mlango, karibu na ngazi. Alikuwa amekonda. Viatu vyake alikuwa amevivua, akavishika mkononi. Kati yake na kizingiti aliweka beseni la kuogeshea mtoto, la buluu, lenye kiegemeo cha kichwa, aina ile ile aliyoitafuta Caren.

"Shikamoo, dada. Hujambo na tumbo?"

"Redempta. Ingia."

"Hapana, siingii." Alitabasamu haraka, akaangalia chini. "Nilikuja kukuletea hili tu. Nilipita pale sokoni kwenu siku ya mwisho, ile Ijumaa walipokuwa wanafunga. Nilikumbuka ulisema beseni. Ni la mtumba, dada, sikufichi. Lakini ni plastiki, halina kitambaa. Nimelisugua kwa maji ya moto na dawa, nikalianika juani siku mbili huko tunakokaa. Liko safi. Usiogope kumwogeshea mtoto."

"Ingia, Redempta."

"Nisije nikawaletea tena," alisema Redempta. "Mimi sikujua kama ninao, dada. Naapa sikujua. Ulisema kweli siku ile, si lazima mtu ajue. Siku hizi nachemsha nguo zangu kila Jumapili. Hata nikipewa kitanda kizuri naogopa kukilalia. Wenzangu wakijikuna naona ni mimi." Akahamishia viatu mkono wa pili. "Mwambie mama Tufaha anisamehe. Nilimharibia mswala wake."

Caren alishika ukingo wa mlango. Alikuwa amejiandaa kwa mengi. Alijiandaa kwa siku Redempta atakapomshtaki, kwa siku Bi Tufaha atakapogundua, kwa siku Isaiah atakaporopoka. Hakujiandaa kwa hili, kwamba msichana yule alikuwa amebeba mzigo ule ngazi zote nne mpaka chini, akaenda nao, akauamini kuwa ni wake, na kila Jumapili alikuwa akiuchemsha.

Ndani, nyuma yake, aliusikia mlango wa chumba cha Bi Tufaha ukifunguka. Bado kulikuwa na nafasi ya kusema asante, akachukua beseni, akafunga. Mtoto alikuwa amebakiza wiki nne. Milango mitano ya Deira ilikuwa bado imefungwa.

"Nani huyo, Caren?"

"Ni Redempta, Bi Tufaha," Caren alisema, bila kugeuka, kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. "Njoo, tafadhali. Njoo usikie. Si yeye. Ni mimi. Ni kile kiti. Kilikuwa cha mtumba. Nilikinunua dirhamu sabini, nikakivisha nailoni, nikakudanganya."

Bi Tufaha alifika mlangoni, tasbihi mkononi. Redempta alikuwa wa kwanza kusema, na aliuliza kitu kimoja tu.

"Siku ile nilipofungua sanduku, ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Tangu siku iliyotangulia."

Redempta aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa njia. Bi Tufaha akaegemea ukuta. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema. "Mie nimemnyonga, na haki yake nikaila. Mtoto wa watu. Nguo zake za ndani, mbele ya mwanamume." Kisha akamtazama Caren, na macho yake hayakuwa na hasira, ambayo Caren angeivumilia. "Wewe utazaa. Sitamtoa mjamzito njiani. Arubaini yako ikiisha, wewe na mumeo mtatafuta pa kwenda. Khalas."

"Ndiyo, Bi Tufaha."

Redempta akainama. Caren alidhani anachukua beseni lake aondoke, na aliona angekuwa na haki. Lakini aliweka viatu vyake chini, mlangoni, katikati ya viatu vya wengine, akavipanga visigino pamoja. Akavuka kizingiti. Akapita mbele ya Caren bila kumgusa, akaingia sebuleni, akaliendea kochi ambalo siku zote alikaa miguuni pake, sakafuni, akakaa juu yake. Alikaa kwa uzito wake wote, mgongo umeegemea, mikono juu ya mito, akafumba macho.

"Naomba maji," alisema.

Bi Tufaha alikwenda jikoni mwenyewe. Akaleta glasi ya wageni juu ya sahani, akampa kwa mikono miwili, akakaa kando yake, wala hakuacha nafasi kati yao. Redempta akanywa taratibu mpaka mwisho. Caren alibaki amesimama katikati ya sebule, miguu imemvimba, mkono kiunoni, akingoja. Viti vilikuwepo. Hakuna aliyemwambia akae.